Huyo farasi si mvivu, amezoeshwa mateke

Ndugu Mhariri,

Wiki jana katika safu yenu ya mifugo, msomaji mmoja wa upande wa Mbarara aliuliza afanye nini na farasi jike wake ambaye akipigwa visigino haendi, na akienda anajikokota. Mwandishi wenu alimjibu kwa mistari michache tu: anunue mjeledi, na mjeledi ukishindwa avae vyuma vya kisigino, maana mnyama mvivu hasikii ila maumivu. Kisha akamalizia na ile methali ya asante ya punda. Naomba nafasi nijibu, kwa sababu farasi walioshughulikiwa kwa ushauri wa namna hiyo mwisho wa yote huletwa kwetu, na sisi ndio tunaobaki nao.

Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi. Kazi nilianzia Nairobi nikiwa kijana, kwenye mabanda ya farasi wa mashindano kule Ngong Road, baadaye nikavuka Malaba, na sasa ni miaka mingi niko Jinja na farasi wanaobeba wageni kwenye vijia vya vijijini kando ya Mto Nile. Farasi wa mashindano taabu yake ni kumzuia. Huyu wa wageni taabu yake ni kumng'oa pale aliposimama. Nimewatunza wote, nikawalisha na kuwapanda, na sijaona kwamba mmoja ana masikio kuliko mwingine.

Tuanze na hilo la kutosikia. Chukua farasi yeyote mnayemwita gogo, msimamishe kivulini, ngoja nzi amtue ubavuni. Utaona ngozi inatetema pale pale alipotua, eneo dogo kama kiganja, na nzi anaruka. Mguu wa nzi una uzito gani? Anayemsikia nzi juu ya manyoya hashindwi kusikia buti la mtu mzima. Anausikia vizuri sana mguu wako, ila amekwisha jua kwamba hauna habari.

Amejulia wapi? Kwetu sisi. Njoo Jumamosi uone. Farasi wamepangwa mstari mmoja, saisi yuko mbele, wageni wanafuata. Farasi kwa maumbile yake humfuata mwenzake: wa mbele akienda anakwenda, wa mbele akisimama kunyakua majani naye anasimama. Sasa mgeni aliye mgongoni ameona sinema, anajua farasi huendeshwa kwa visigino. Basi anapiga. Farasi akitembea anapigwa, akisimama anapigwa, akipanda kilima anapigwa, akishuka anapigwa, mpaka tunarudi bandani. Na kwa mateke yote hayo hakuna lililobadilika hata mara moja, kwa sababu mwendo ulikuwa unatoka kwa farasi wa mbele. Ukishinda Old Taxi Park pale Kampala tangu alfajiri, ikifika saa sita honi huzisikii tena, na masikio yako hayana ugonjwa wowote. Ubavu wa farasi wa kukodi ni hivyo hivyo.

Mgeni mwoga ndiye tatizo zaidi. Akiogopa anabana magoti na papo hapo anavuta hatamu ajishikilie. Miguu inaamuru twende, lijamu, kile chuma cha mdomoni, inaamuru simama. Mnyama afanye lipi? Wengi huchagua kusimama, kwa sababu mdomo unauma kuliko ubavu, halafu anaandikwa mvivu.

Tunaye mmoja wa kijivu, aliyehasiwa, vijana walimpa jina la Waziri kwa sababu hatoki mahali bila msafara. Alikuja kwetu kutoka sehemu moja ya burudani walikokuwa wakimkodisha siku za sikukuu, watu wapande wazunguke kiwanja na kupigwa picha. Kila ubavu ulikuwa na baka moja lisilo na manyoya, ukubwa wa bamba la sabuni, pale visigino vilipokuwa vikigonga, na ngozi ya hapo ilikuwa nene na sugu. Ukimbana kwa miguu alikuwa analaza sikio moja nyuma, anashusha pumzi ndefu, anabaki pale pale. Vijana wakasema huyu kwisha kazi. Nikawaambia wamtazame jioni. Jioni tukipita shamba la miwa na paa la banda likionekana, Waziri alikuwa anawapita wenzake wote kwa hatua ndefu za haraka, tena inabidi umshike. Mnyama mchovu hawi mchovu wa kwenda tu.

Lakini kabla ya kugusa habari ya mguu, hakikisheni kwanza kwamba mnyama anaweza. Hapa ndipo jibu la gazeti lilinikera kuliko pengine pote, kwa kuwa halikumuuliza mwenye farasi swali hata moja. Uganda si nchi ya farasi tangu zamani na sababu yake inajulikana: mbung'o. Mdudu yule yule aliyesambaza malale yaliyoua watu zaidi ya laki mbili kando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya 20, Busoga ikiumia sana, ndiye pia mwenye kueneza nagana kwa mifugo. Farasi wa nagana hukonda, damu hupungua, miguu na tumbo la chini huvimba, na siku za mwanzo dalili unayoiona wewe mpandaji ni kwamba amekuwa mzito kuondoka. Kupe nao wana ugonjwa wao wa damu wanaompa farasi, na mwanzo wake unafanana hivyo hivyo. Huyo ukimpelekea mjeledi unampiga mgonjwa.

Kipimajoto ni cha bei ndogo. Farasi mzima akiwa amepumzika ana nyuzi 37.5 hadi 38.5, na moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Inua mdomo wa juu utazame fizi: ziwe na rangi ya waridi na maji maji. Zikiwa zimepauka au zina umanjano, weka tandiko chini, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Fizi zikiwa nzuri, pitisha vidole mgongoni, pande mbili za uti, kuanzia mabegani mpaka kiunoni, kwa nguvu ya kukandia unga. Akizamisha mgongo, akipiga mkia au akigeuza kichwa kutaka kukung'ata, tandiko linamuumiza, na kila hatua unayomdai anailipa kwa maumivu. Kisha kwato, kisha meno. Kisha jiangalie mwenyewe. Kipimo tunachotumia wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Waziri ana kama kilo 420, kwa hiyo mwisho wake ni 84, na tandiko letu peke yake ni kilo 10. Kuna wageni ninaowaambia ukweli huo usoni, kwa adabu, na kuna wanaokasirika. Wakasirike.

Na ulishaji pia. Farasi anayekula pumba za mahindi asubuhi na jioni halafu anakaa bila majani mchana kutwa hana cha kukimbilia. Anahitaji nyasi saa nyingi za siku na maji ya kutosha, na saa saba ya jua la Jinja si saa ya kumdai mtu kitu.

Haya, tumemaliza, mnyama ni mzima, mgongo hauna kitu, ameshiba na bado haendi. Sasa ndiyo tuzungumze mguu.

Jambo ambalo watu hawalijui, na mwandishi wenu hakulijua, ni kwamba farasi hajifunzi wakati unapombana. Anajifunza pale unapomwachia. Kumbana ni kumuuliza tu, jibu lake likiwa sahihi halafu mguu ukanyamaza papo hapo, ndipo anaposhika kwamba "kumbe nikienda, hili jambo linaisha." Ukichelewa kuachia, hata kwa muda wa hatua mbili tatu, hajui umefurahia nini. Na usipoachia kabisa, kama wageni wetu wanavyofanya, umemfundisha kwamba kwenda na kutokwenda ni mamoja.

Waziri tulianza naye chini, bila mpandaji. Nilisimama begani kwake, hatamu mkononi zikiwa zimelegea, nikaweka kidole gumba ubavuni, nyuma kidogo ya mkanda wa tandiko, mahali ambapo shavu la mguu wa mpandaji huangukia. Nikakandamiza kidogo. Hakuna kitu. Nikaacha kidole pale pale bila kuongeza nguvu, na kwa mkono wa nyuma nikamgusa kiunoni na kijiti cha mpera, chembamba kuliko kidole changu, tap, tap, tap, kila mguso ukifuata mwingine bila kukatika na bila hasira. Alipunga mkia. Akatazama pembeni. Halafu akahamisha uzito, mguu mmoja wa mbele ukanyanyuka, na kabla haujatua chini nilikuwa nimekwisha ondoa kidole na kijiti vyote viwili. Nikamkuna chini ya singa, zile nywele za shingoni. Tukasimama kidogo, apate kufikiri. Nawaomba wanaosoma wasiruke hapo pa kusimama, kwa sababu ukiona farasi analamba midomo na kushusha shingo, mwache amalize. Kisha kidole tena, kwa ulaini ule ule wa kwanza.

Huo ulaini wa kwanza ndio kazi yenyewe. Kila mara unapouliza, unaanza na swali dogo kabisa, lile ambalo ungependa siku moja litoshe. Asipojibu, fimbo inaeleza. Akijibu, unarudi tena kwenye swali dogo, usianzie pale ulipoishia na nguvu. Anayeanza na teke leo, kesho atahitaji mawili, na mwezi ujao atakuwa dukani akitafuta vyuma.

Alipokuwa anaondoka kwa kidole tu, nikampandisha kijana mmoja wa Iganga, mwepesi, mwenye mikono mizuri. Kofia ngumu kichwani, kamba ya shingoni ya kushikilia, maana farasi aliyelala miaka akiamshwa anaweza kurusha mgongo. Nikamwambia aning'inize miguu, asibane chochote, atazame mbele kwenye mti wa mwembe na si masikio ya farasi, kisha apeleke mikono mbele ili mdomo uwe wazi, ndipo abane shavu la mguu kidogo, kwa urefu wa pumzi moja.

Waziri akasimama kama kawaida yake.

"Mzee, amegoma," kijana akasema, na visigino vikaanza kupanda.

"Teremsha miguu. Umemuuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi inatosha. Sasa kijiti, nyuma ya mguu wako, mguso mmoja wa kueleweka. Na akiruka usimvute."

Akamgusa. Waziri aliondoka kwa kishindo, akapita kutembea akaingia mwendo wa matiti, ule wa mbio fupi fupi, moja kwa moja, kijana karibu abaki hewani. Na mikono ikarudi nyuma yenyewe kumvuta, jambo ambalo kila mtu hulifanya. Nilimpigia kelele aachie. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: umemwomba aende, amekwenda, halafu unamkamata mdomo kwa kuwa amekwenda kuliko ulivyotazamia. Mwache aende. Msifu. Hatua kumi za matiti zisizo nadhifu si hasara kwa mtu yeyote. Kisha mrudishe kutembea kwa upole, msimamishe, na umuulize upya kwa pumzi ile ile moja. Safari hiyo ya pili sikio la Waziri liligeuka nyuma kumsikiliza kijana kabla mguu haujamgusa sawasawa, akaondoka akitembea, na kijana akacheka kwa sauti.

Baada ya hapo ni kurudia. Simama, tembea, simama. Tembea, matiti, tembea. Robo saa, asubuhi, kisha tandiko linavuliwa akiwa bado ana hamu. Ukiona amejibu vizuri sana dakika ya tano, shuka dakika ya tano. Anapokuwa anakwenda, mguu haufanyi chochote. Narudia kwa ajili ya wale waliofundishwa kusukuma kila hatua: haufanyi chochote. Akipunguza mwendo mwenyewe unamuuliza mara moja, kwa ulaini, na kijiti kikiwa tayari. Kazi ya kushikilia mwendo ni yake, yako ni kuagiza. Wapo walimu wa kupanda farasi wasiokubaliana nami katika hili, na baadhi yao wamenizidi vyeti. Waje tu wapande Waziri.

Usimfungie kiwanjani pia. Farasi wa kuzungushwa duara moja kila siku hulala akiwa anatembea. Sisi tulimtoa barabara ya murram, tukapita kwenye migomba na watoto wa shule wanaopiga kelele za mzungu hata kwa mimi mweusi, tukamuuliza aondoke pale ambapo mwenyewe alikuwa na sababu ya kwenda, kwa mfano tukielekea nyumbani au mwenzake akiwa ametangulia. Ukiuliza mahali ambapo jibu ni rahisi, unapata nafasi nyingi za kuachia mguu. Baadaye ndipo unamuuliza akiipa nyumba mgongo.

Sasa niseme na wenye farasi wa kukodi, maana kumfundisha mnyama mmoja wiki mbili halafu kumpa wageni kumi wampige ni kufua nguo na kuianika matopeni. Hapa kwetu mgeni hapewi fimbo. Hata akiomba. Kabla hajapanda, saisi anamwekea mkono kwenye shavu la mguu wake na kumbana kwa vidole viwili, amwonyeshe kwenye mwili wake mwenyewe "kidogo" ni kiasi gani, na wengi wanashangaa. Anaambiwa: tukiwa kwenye mstari miguu inyamaze kabisa, farasi atamfuata mwenzake. Tukifika mahali pa kusimama, pale ndipo kila mmoja kwa zamu anamwondoa farasi wake kwa mguu, saisi akiwa kando na kijiti. Akiondoka, mguu unanyamaza. Hivyo mguu wa mgeni unakuwa na maana kwa Waziri, na mgeni anakwenda kwao akijua kitu. Haigharimu shilingi. Inahitaji saisi anayeruhusiwa kumwambia mgeni aliyelipa dola kwamba aache, na hilo, Mhariri, ndilo gumu katika biashara hii, kwa sababu wenye mabanda wengi wanaogopa mgeni kuliko wanavyomhurumia farasi. Saisi analipwa kidogo, farasi halalamiki, mgeni anaandika maoni mtandaoni.

Ndugu zangu wa Kapchorwa na Karamoja wenye punda wa mizigo, haya yanawahusu pia, ingawa punda ana falsafa zake ambazo sitaziingilia hapa. Mateke ya methali ile mimi nayaona yanaanzia kwa mtu.

Waziri leo ana manyoya kwenye yale mabaka mawili, meupe zaidi ya mengine. Bado hapendi kutangulia msafara na simlazimishi, tuna jike mmoja anayependa kazi hiyo. Ila akiulizwa anajibu, na mtoto wa mgeni mwenye miguu isiyofika hata nusu ya mbavu anaweza kumwondoa.

Kwa msomaji wa Mbarara: aanze na fizi na mgongo wa huyo jike, amwite daktari wa mifugo achukue damu, hasa kama analisha karibu na pori au pamoja na ng'ombe wenye kupe. Akiambiwa mzima, atafute mtu mwenye mikono mizuri na kijiti cha mpera, aanzie chini kama nilivyoeleza. Vyuma asinunue. Pesa hiyo amlipe fundi wa kwato, maana katika barua yake fupi alitaja kwamba jike huyo hajachongwa kwato tangu alipomnunua mwaka jana, na kwato zinatakiwa kuchongwa kila wiki 6 hadi 8. Mwandishi wenu alilipita hilo kama halikuandikwa.

Saisi,
Bujagali, Jinja